Kutoka Kivuli hadi Jina: Uhakiki wa Utambuzi wa Miundo ya Kale ya Udongo kwa Picha za Angani katika Kazi za O. G. S. Crawford

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna miundo ya kale ya udongo, yaani matuta, mahandaki, maboma na mipaka ya mashamba, inavyotambuliwa kwa picha za angani katika maeneo ya vijijini. Matini zinazohakikiwa ni kazi mbili za O. G. S. Crawford: Air Survey and Archaeology (1924) na Wessex from the Air (1928), ambayo aliitoa pamoja na Alexander Keiller. Uhakiki umeongozwa na Nadharia ya Semiotiki kama ilivyofafanuliwa na Charles Sanders Peirce. Hoja kuu ni kwamba picha ya angani ni shahidi mzuri wa kuwapo kwa muundo na, mara nyingi, wa mfuatano wa miundo. Lakini haiwezi peke yake kuthibitisha tarehe ya muundo wala kuwataja waliouchimba. Crawford alipouheshimu mpaka huo alipata matokeo ambayo yamedumu. Alipouvuka aliacha jina ambalo limewapotosha wasomaji kwa miongo mingi. Makala yanaonesha pia kwamba suala hili lina uzito wa kisheria katika Afrika Mashariki, ambako ulinzi wa mabaki ya kale hutegemea tarehe.

1.0 Utangulizi

Mtu anayetembea katika malisho ya Wiltshire, kusini mwa Uingereza, anaweza kukanyaga tuta la kale pasipo kulitambua. Miguu yake huhisi mwinuko mdogo, macho yake huona nyasi, na akili yake haipati sababu ya kusimama. Tuta hilohilo likitazamwa kutoka angani wakati jua liko chini hutokeza kivuli chembamba, na vivuli kadhaa vikiungana hutokeza umbo la boma, shamba au kijiji kilichohamwa. Crawford alikuwa akilieleza jambo hili kwa mfano wa paka na zulia: paka anayelala juu ya zulia huona nyuzi na rangi zilizotawanyika, ilhali mtu aliyesimama juu yake huona nakshi nzima.

Mfano huo umependwa na kurudiwa kwa sababu unaeleweka haraka. Hata hivyo, unaficha swali la msingi. Aliyesimama juu ya zulia huona nakshi, lakini je, kwa kuiona tu anajua nani aliifuma, lini, na kwa matumizi gani? Kati ya kuona umbo na kulipa umbo hilo jina pana hatua kadhaa, na kila hatua ina masharti yake. Makala haya yanazichunguza hatua hizo kama zinavyojitokeza katika kazi za Crawford, ambazo ndizo zilizoweka msingi wa taaluma hii.

2.0 Msingi wa Kinadharia

Peirce aliainisha ishara katika makundi matatu kwa kuzingatia uhusiano wake na kile kinachoashiriwa. Ikoni huashiria kwa kufanana na kitu, kama ramani inavyofanana na nchi. Kielekezi huashiria kwa sababu kimesababishwa na kitu chenyewe, kama moshi unavyosababishwa na moto. Ishara ya kimapatano huashiria kwa sababu jamii imekubaliana hivyo, kama yalivyo maneno mengi ya lugha.

Picha ya angani ya muundo wa udongo hubeba aina zote tatu kwa pamoja, na hapo ndipo ugumu wa kuisoma unapoanzia. Kivuli katika picha ni kielekezi: kimesababishwa na mwinuko halisi. Umbo la vivuli vingi ni ikoni: linafanana na boma au shamba ambalo mtazamaji amewahi kuliona kwingine. Jina linaloandikwa chini ya picha, kwa mfano “ngome”, “kaburi” au “shamba la Kiselti”, ni ishara ya kimapatano. Nguvu ya ushahidi hupungua kadiri mtafiti anavyosogea kutoka kwenye kielekezi kwenda kwenye jina. Msomaji asiyeonywa hudhani kuwa jina limethibitishwa kwa kiwango kilekile ambacho kivuli kimethibitishwa.

3.0 Crawford na Aina za Alama

Crawford alikuwa mtaalamu wa jiografia kabla ya kuwa mwanaakiolojia, na katika Vita vya Kwanza vya Dunia alifanya kazi ya mwangalizi katika ndege za kijeshi. Mwaka 1920 aliteuliwa kuwa ofisa wa kwanza wa akiolojia katika Ordnance Survey, idara ya serikali ya upimaji na ramani. Mwaka 1922 alioneshwa picha zilizopigwa na marubani wa jeshi la anga juu ya Hampshire, zikiwa na mistari ya mashamba ya kale ambayo watu wa ardhini walikuwa wakiiona vipande vipande tu. Mwaka 1924 yeye na Keiller walikodi ndege wakairusha juu ya maeneo ya Wessex, na matokeo yakachapishwa mwaka 1928.

Mchango wake wa kudumu zaidi ni uainishaji wa alama. Kwanza ni alama za vivuli, ambazo huonekana pale muundo ungali na mwinuko au bonde na jua likiwa chini. Pili ni alama za udongo, ambazo huonekana katika shamba lililolimwa, kwa mfano pale weupe wa chokaa ya tuta lililosambaratishwa na plau unapotofautiana na udongo mweusi uliojaza handaki. Tatu ni alama za mimea. Handaki lililofukiwa huhifadhi unyevu na udongo wenye rutuba. Ngano au shayiri iliyo juu yake hukua ndefu na kuchelewa kukauka. Juu ya msingi wa ukuta hali huwa kinyume: mizizi hukosa nafasi, mimea hudumaa na kugeuka njano mapema.

Kwa mtazamo wa Peirce, uainishaji huu una nguvu kwa sababu umejengwa juu ya visababishi. Haumwambii msomaji kwamba mstari fulani unafanana na handaki; unamweleza ni kwa njia gani handaki limeutokeza mstari huo. Kwa hiyo unaweza kupimwa, na hata kukanushwa, na mtu mwingine mwenye jembe mkononi.

4.0 Pale Picha Ilipotii Ardhi

Mfano bora wa usomaji makini ni Barabara ya Stonehenge, njia ya kale iliyopakana na mahandaki na matuta mawili sambamba. William Stukeley aliibainisha njia hiyo katika karne ya 18, lakini kilimo kilikuwa kimefuta sehemu yake kubwa. Mwaka 1923 Crawford alizichunguza picha zilizopigwa na jeshi la anga mwaka 1921, akaona mistari miwili myeusi ikiendelea kuelekea mto Avon. Hakuishia hapo. Mwaka huohuo alikwenda uwanjani, akachimba, na mahandaki yakaonekana yalipotarajiwa.

Mambo matatu yanajitokeza katika mfano huu. Dai lilikuwa dogo: mistari hii ni mahandaki ya njia iliyokwisha kujulikana. Nyaraka za zamani zilisomwa pamoja na picha. Uchimbaji ulifanywa mahali ambapo picha ingeweza kushindwa. Tangu hapo ugunduzi huo haujakanushwa.

Mfano wa pili ni Woodhenge. Mahali hapo palikuwa pakidhaniwa kuwa tuta la kaburi lililoharibiwa na kilimo. Mwaka 1925 rubani Gilbert Insall aliona kutoka angani duara lenye madoa ndani yake, na picha ya kiangazi kilichofuata ilionesha madoa hayo yakiwa yamejipanga katika mizunguko ndani ya shamba la ngano. Maud na Ben Cunnington walipochimba, walikuta mashimo ya nguzo za mbao katika mizunguko sita. Hapa picha ilivunja jina la zamani, lakini haikuleta jina jipya peke yake. Madoa yalikuwa kielekezi cha mashimo. Kwamba mashimo hayo yaliwahi kubeba nguzo lilibainika ardhini.

5.0 Pale Jina Lilipoitangulia Tarehe

Kasoro kubwa zaidi katika kazi za Crawford ipo katika sehemu iliyomletea sifa nyingi: mashamba ya kale. Aliona katika picha mifumo miwili. Wa kwanza una mashamba madogo yanayokaribia mraba, yenye kingo zilizotokana na udongo ulioporomoka kwa kulimwa mteremkoni. Wa pili una mashamba membamba na marefu, ambayo yanahusiana na vijiji vya enzi za kati. Aliuita mfumo wa kwanza “wa Kiselti” na wa pili “wa Kisaksoni”.

Utofautishaji wa maumbo ulikuwa sahihi, na ulifungua ukurasa mpya katika historia ya kilimo cha Uingereza. Majina ndiyo yaliyoleta tatizo. Tafiti zilizofuata zimeonesha kwamba mengi ya mashamba hayo ya mraba yalianza katika milenia ya 2 KK, Enzi ya Shaba Nyeusi, muda mrefu kabla ya kipindi ambacho wasomi wa wakati wa Crawford walikihusisha na Waselti. Mengine yaliendelea kulimwa au kulimwa upya chini ya utawala wa Warumi. Hivyo jina moja limefunika zaidi ya miaka 1,500 ya kazi za wakulima mbalimbali.

Kosa hili halikutokana na uzembe. Crawford alikuwa mtembeaji hodari, na maisha yake yote alisisitiza kazi ya uwanjani. Lilitokana na kuchanganya maswali mawili. Picha inaweza kujibu swali la mfuatano: handaki likikata kingo za shamba, handaki ni la baadaye, boma likikalia handaki, boma ni la baadaye. Katika kilima cha Quarley, Hampshire, mahandaki marefu ya mipaka hupita chini ya boma, na uchimbaji wa Christopher Hawkes wa mwaka 1938 ulithibitisha kwamba mahandaki yalitangulia. Usomaji wa aina hii ndio ambao Crawford aliulinganisha na kusoma ngozi ya kale iliyofutwa na kuandikwa tena, huku maandishi ya mwanzo yakiwa hayajafutika kabisa. Ulinganisho huo unafaa, lakini una mpaka. Maandishi yaliyofutwa yana lugha, na lugha humtaja mwandishi wake. Handaki halina lugha. Linaposemwa kuwa la Kiselti, sauti inayosikika ni ya msomaji.

Ikumbukwe pia kwamba jina lenyewe lilikuwa na mvuto wa kijamii. Historia ya Uingereza ilikuwa ikifundishwa kama mfululizo wa mataifa yanayopokezana nchi: Waselti, Warumi, Wasaksoni, Wanormani. Mashamba yalipewa nafasi ndani ya simulizi iliyokwisha andaliwa. Kwa hiyo picha, ambayo ilikuwa ushahidi mpya kabisa, ilitumika kuthibitisha mpangilio wa zamani badala ya kuuhoji.

6.0 Ukimya wa Picha

Udhaifu wa pili unahusu kisichoonekana. Wessex ni nchi ya mwamba wa chokaa, wenye udongo mwembamba unaokauka upesi. Alama za mimea na za udongo hujitokeza vizuri huko, kama zinavyojitokeza kwenye changarawe za mabonde ya mito. Kwenye udongo mfinyanzi mzito, unaoshika maji, alama huwa hafifu au huonekana tu katika miaka ya ukame mkali. Chini ya msitu hazionekani kabisa kwa kamera ya kawaida. Ramani iliyochorwa kwa picha pekee huonesha watu wengi wa kale kwenye chokaa na changarawe, na wachache kwenye mfinyanzi na msituni. Kwa muda mrefu mgawanyo huo ulidhaniwa kuwa historia ya makazi, wakati kwa sehemu kubwa ulikuwa historia ya unyevu.

Afrika Magharibi inatoa kipimo kizuri cha udhaifu huu. Matuta na mahandaki ya Benin, Nigeria, yalifunikwa na msitu na vichaka kiasi kwamba Graham Connah, aliyefanya utafiti huko kati ya 1961 na 1964, alilazimika kuyafuata kwa miguu katika njia zilizofyekwa. Mahali pengine kimo kutoka chini ya handaki hadi juu ya tuta kinazidi mita 17. Patrick Darling aliendeleza kazi hiyo ya miguu na kubaini kwamba mtandao wake ni mkubwa kuliko ilivyofikiriwa. Muundo wa ukubwa huo uliweza kulifichama jicho la angani, huku kijito cha kivuli chenye kina cha shubiri moja kikionekana wazi Wiltshire. Ukubwa wa kitu na kuonekana kwake ni mambo mawili tofauti.

Upo pia udanganyifu wa vinavyoonekana. Nyufa za barafu za enzi za baridi kali hutokeza alama za mimea zinazofanana na mipaka ya mashamba. Mahandaki ya mafunzo yaliyochimbwa na askari katika Uwanda wa Salisbury wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia yamelala karibu na mahandaki ya kale. Matuta yaliyojengwa ili kufugia sungura yamewahi kudhaniwa kuwa makaburi. Kila moja lina kivuli halali. Jina ndilo linaloweza kuwa batili.

7.0 Laida: Je, Tatizo Limekwisha?

Inaweza kuhojiwa kwamba Crawford alikwazwa na vifaa vya wakati wake, na kwamba teknolojia ya leza, yaani laida, imeondoa tatizo. Chombo hicho hutuma mapigo mengi ya mwanga kutoka kwenye ndege na kupima muda yanaochukua kurudi. Baadhi hupenya kati ya majani na kufika ardhini. Programu huondoa yaliyoishia kwenye miti, na sura ya ardhi tupu hubaki. Kwa njia hiyo maboma yaliyofichwa na misitu yamechorwa kwa usahihi ambao Crawford asingeuota.

Pamoja na mafanikio hayo, hoja ya makala haya haijaondolewa. Laida hupima mwinuko, hivyo haioni handaki lililosawazishwa kabisa na plau, ambalo alama ya mimea ingelionesha. Aidha, picha inayosomwa na mtafiti hutengenezwa kwa kuchagua jua la kubuni: upande litokako na kimo chake. Mstari unaoelekea sambamba na mwanga hupotea. Mwanga ukigeuzwa, hurejea. Crawford alisubiri jua, ilhali mtafiti wa leo huliweka kwa kidole. Katika hali zote mbili kivuli kimechaguliwa, na uchaguzi huo unapaswa kuelezwa ili msomaji aupime.

8.0 Maana Yake kwa Afrika Mashariki

Suala hili si la Wiltshire pekee. Picha za setilaiti na droni sasa zinapatikana kwa watafiti wa Afrika Mashariki, na kishawishi cha kutoa jina kabla ya kufika mahali ni kikubwa kuliko wakati wowote.

Nchini Uganda, kusini mwa mto Katonga, pana Bigo bya Mugenyi, mfumo wa mahandaki wenye urefu unaozidi kilomita 10, baadhi yake yakiwa yamekatwa hadi kwenye mwamba. Umbo lake likitazamwa kutoka juu humwelekeza mtazamaji kusema “ngome”, na jina la wenyeji linakubaliana naye kwa sehemu. Hata hivyo, Mugenyi ni jina la mhusika katika simulizi za Wachwezi, na neno hilohilo lina maana ya mgeni. Merrick Posnansky alichimba huko mwaka 1960 na kupaona kuwa makao ya kifalme ya wafugaji. Watafiti waliofuata, akiwamo John Sutton, wamehoji uhusiano wake na Wachwezi. Aidha, urefu wa handaki la nje unazua swali kama idadi yoyote ya askari wa wakati ule ingeweza kulilinda lote. Ngome, zizi, na mipaka ya heshima ya mfalme vinaweza kutokeza kivuli kimoja.

Nchini Tanzania, Engaruka ina kuta za mawe, majaruba na mifereji ya umwagiliaji iliyoenea takribani kilomita za mraba 20 chini ya ukingo wa Bonde la Ufa. Kutoka juu huonekana kama shamba moja kubwa lililopangwa kwa siku moja. Uchimbaji wa Daryl Stump umeonesha kwamba baadhi ya majaruba yalijengwa kidogo kidogo, kwa kunasa udongo ulioletwa na maji na kuinua kuta kadiri udongo ulivyojaa. Anayehesabu mashamba yote yanayoonekana na kudhani yalilimwa kwa wakati mmoja hukadiria watu wengi kuliko walioishi.

Hapo ndipo tarehe inapopata uzito wa kisheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inatumia mwaka 1863 kama mpaka wa kuutambua muundo kuwa wa kale. Tuta linaloonekana katika picha ya setilaiti, bila tarehe, halina hoja mbele ya sheria hiyo. Likipewa tarehe kwa kukisia umbo, hoja yake itavunjwa na mtaalamu wa upande wa pili, na mradi wa barabara au shamba utaendelea. Tarehe iliyokisiwa huweza kuliangamiza tuta kwa uhakika uleule wa plau.

Crawford mwenyewe alilielewa jambo hili kwa vitendo. Mwaka 1923 alipinga mpango wa kujenga mitambo ya redio juu ya Windmill Hill, Wiltshire. Keiller alikinunua kilima hicho na kukichimba kuanzia mwaka 1925, na uchimbaji huo ulikipa nafasi yake katika historia ya Enzi Mpya ya Mawe. Kilichokiokoa kilima ni ununuzi, na kilichokipa maana ni jembe.

9.0 Hitimisho

Uhakiki huu umebainisha kwamba thamani ya Air Survey and Archaeology na Wessex from the Air ipo katika kueleza visababishi vya alama na katika usomaji wa mfuatano wa miundo, na kwamba udhaifu wake upo katika majina ya kikabila yaliyotolewa kwa umbo. Kutokana na matokeo hayo, tasnifu na ripoti zinazotumia picha za angani zinapaswa kutenganisha madai manne: kwamba alama ipo, kwamba imesababishwa na muundo uliotengenezwa na binadamu, kwamba muundo huo ulitangulia au ulifuata mwingine, na kwamba ni wa wakati fulani na watu fulani. Madai matatu ya kwanza yanaweza kuanzia angani, ingawa la pili na la tatu huhitaji kuhakikiwa ardhini. La nne halina budi kusubiri uchimbaji, nyaraka na kauli za wenyeji. Mtahini anayesoma kazi ya aina hii ana haki ya kuuliza, kwa kila jina lililoandikwa juu ya ramani, ni nani aliyelitembelea tuta hilo kwa miguu.